Jibu: Baiti zinapotea kwenye poti ya siriali

Habari mkuu. Kwa hiyo unapotuma data kwa poti ya siriali kwenda kompyuta ya Linux, maandishi yanafika salama, ila faili la picha linafika pungufu, na baiti 0x11 na 0x13 hazionekani kabisa. Usilaumu kebo kwanza. Hizo ndizo XON na XOFF; Linux inazimeza ikidhani ni amri za kuendelea na kusimama. Hata 0x0D (kurudi mwanzo wa mstari) huigeuza 0x0A (mstari mpya). Upande unaopokea, endesha stty, amri ya kupanga poti (raw inazuia Linux kumeza au kugeuza baiti; /dev/ttyUSB0 ni jina la poti):

stty -F /dev/ttyUSB0 115200 cs8 raw -echo

Hiyo -echo usisahau kuiweka, la sivyo poti inamrudishia mtumaji kila kitu. Halafu kwenye programu yako, read() moja (wito wa kusoma poti) si lazima ilete pakiti nzima, kwa hiyo mimi huweka urefu wa pakiti mwanzoni na CRC-16 (namba ya kukagua makosa) mwishoni. CRC isipolingana, naomba pakiti irudiwe. Baiti zikipotea kwenye kasi kubwa tu, huenda bafa (hifadhi ya muda ya data) inajaa: unganisha RTS ya kila upande na CTS ya upande wa pili (nyaya za kuambiana subiri au tuma), kisha ongeza crtscts kwenye hiyo amri ya stty.