Usimwage midia

Jumanne nilikuwa nimesimama nyuma ya binti aliyejiunga na maabara mwezi huu. Seli zake zilikuwa zimekaa na dawa saa 24. Akawasha pampu, akainamisha sahani, akafyonza midia yote, yaani majimaji ya kukuzia seli, ikaenda kwenye chupa ya taka. Akaosha kwa PBS, maji ya chumvi ya kuoshea seli, mara mbili, taratibu, kama alivyofundishwa, ndipo akaweka tripsini, kimeng'enya kinachobandua seli. Nilichelewa kumshika mkono. Huyu ni wa nne kumwona akifanya hivyo kwenye jaribio la kupima kifo cha seli, na kabla yao wote nilifanya mimi, tena kwa miezi minne mfululizo. Basi, wadogo zangu mnaoanza kazi na vizuizi vya BCL-2 na ndugu zake, yaani dawa za kuzuia protini zinazoikinga seli isife, kaeni kitako tuongee.

1. Seli zilizokufa zimo kwenye midia.

Seli inayokufa kwa apoptosisi, yaani kujiua kwa utaratibu, huachia sakafu ya sahani, husinyaa, huelea. Ukimwaga midia umezimwaga hizo, na mashine itakupimia zilizosalia peke yake.

Mimi nilipewa kazi ya kuunganisha dawa mbili, A-1331852 inayozuia BCL-XL na S63845 inayozuia MCL-1, wote ndugu wa BCL-2, kwenye seli za saratani zinazokua zimeshika sakafu. Sababu mnaijua. Saratani nyingi zisizo za damu haziegemei BCL-2 sana. Zinaegemea BCL-XL na MCL-1, na ukimzuia mmoja mwenzake anaubeba mzigo. Ukiwazuia wote wawili, BAX na BAK, protini zinazoua seli, hawana tena wa kuwashika. Wanatoboa utando wa nje wa mitokondria, protini iitwayo saitokromu c inatoka, vimeng'enya vya kuibomoa seli viitwavyo kaspesi vinaamka, na seli nyingi hazimalizi hata siku.

Kwangu mimi zilionekana kumaliza. Nilifyonza, nikaosha, nikaweka tripsini, nikapaka aneksini V inayoshika seli zinazokufa, nikapeleka kwenye saitometa, mashine ya kuhesabu seli mojamoja. Zilizoshika aneksini zilikuwa asilimia 12, na zile zisizopewa dawa asilimia 8. Nikarudia mara tatu, majibu yakafanana, nami nikafurahia kufanana kwake. Lakini kulikuwa na jambo lililopiga kelele tangu siku ya kwanza: mirija yenye dawa zote mbili ilichukua dakika nyingi kufikisha seli 10,000, na mmoja haukufikisha kabisa. Niliona hilo. Nikaandika daftarini kwamba dawa zinapunguza kasi ya seli kugawanyika, haziui. Nilikuwa na swali mkononi nikalifanya jibu.

Nikawasilisha kwenye mkutano wa maabara mara mbili, na mchoro wenye mishale. Mwenzangu mmoja alikuwa akisubiri kujua ajaribu muungano gani kwenye seli chache alizopata kutoka kwa wagonjwa. Akaniamini. Akauondoa muungano huo kwenye orodha yake, akatumia seli zote kwa dawa nyingine.

Mwezi wa nne, mzee aliyekuwa fundi wa maabara alinikuta nimeshika mpira wa pampu. Akasema, "Mwanangu, hebu subiri. Mbona midia ya kishimo hiki ina ukungu na ya kile ni angavu?" Nikamjibu, mzee, hiyo naimwaga. Hakubishana nami. Alichota tone, akalichanganya na tripani bluu, rangi inayoingia kwenye seli zilizokufa, akaliweka chini ya hadubini, akanisogezea kiti. Kioo kizima kilijaa. Kulikuwa na seli zilizosinyaa na kuwa bluu iliyokoza, nyingine zimechomoza mapovu pembeni kama uji unaoanza kuchemka, nyingine zimebaki vipande vidogo vya mviringo vilivyotawanyika. Zile zilizoshika sakafu, ambazo ndizo nilizokuwa nikizipima kila wiki, zilikuwa za kuhesabu kwa vidole.

Wiki hiyohiyo nilirudia nikikusanya kila kitu. Zilizoshika aneksini zilizidi asilimia 80. Nikasimama mkutanoni kufuta nilichosema. Hiyo haikuwa sehemu ngumu. Ngumu ilikuwa kumfuata mwenzangu kwenye meza yake, kwa sababu seli za mgonjwa hazikui upya kwenye friza. Zilikuwa zimekwisha, na zimekwisha kwa neno langu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Na mirija iliyochelewa kujaa, hukuiona?" Niliiona.

Kwa hiyo: midia kwanza kwenye mrija, kisha PBS ya kuoshea kwenye mrija huohuo, kisha seli zilizobanduliwa na tripsini, halafu ndipo uzungushe. Na hesabu seli zote ulizopata, uiandike namba hiyo kando ya asilimia.

2. Aneksini haishiki bila kalsiamu, kwa hiyo osha EDTA, kemikali inayokamata kalsiamu, yote iliyokuja na tripsini kabla ya kupaka.

3. MTT, kipimo cha rangi, hupima kama seli bado zinaendesha shughuli zake, haipimi kifo. Usiandike "zimekufa" chini ya mchoro wa MTT.

4. Andika kiasi cha seramu, majimaji ya damu yanayowekwa kwenye midia.

ABT-737, navitoklaksi na venetoklaksi, dawa za kuzuia BCL-2, hung'ang'ania albumini, protini iliyomo kwenye seramu. Dozi ileile inaweza kuonekana dhaifu kwenye seramu ya asilimia 10 na kali kwenye asilimia 2, kwa sababu dawa iliyokamatwa na albumini haiingii kwenye seli. Nimeona watu wawili wa meza moja wakinuniana wiki nzima kwa tofauti ambayo ilikuwa chupa ya seramu.

5. MCL-1 ikiongezeka kwenye westani, kipimo kinachoonyesha protini kama ukanda, tulia.

Kila mwaka kuna anayekuja mbio akisema mirija imebadilishana, kwa sababu alikoweka S63845 ndiko ukanda wa MCL-1 ulikonenepa. Haijabadilishana. MCL-1 kwa kawaida haidumu, nusu yake huisha kwa takriban nusu saa, ila dawa ikikaa kwenye mfuko wake protini huchelewa kuvunjwa na hurundikana. Imerundikana ikiwa imefungwa mikono. Tazama kama BAK na BIM, protini nyingine ya kuchochea kifo, bado wameshikwa nayo, na kama kaspesi ya 3 imekatwa. Unene wa ukanda peke yake haukuambii kitu.

6. Thibitisha mlango ambao dawa imepitia.

Hapa ndipo uvumilivu wangu huwa mfupi, nisameheni. Dozi ya maikromola 10 ya karibu kemikali yoyote itaua seli. Ukitaka kusema dawa yako inaua kwa kuzuia BCL-2, weka pembeni seli zilizoondolewa jeni za BAX na BAK zote mbili. Hizo zikifa pia, dawa yako inapita mlango mwingine. Jaribio hili liliangusha majina makubwa. Gosipoli, HA14-1 na obatoklaksi ziliitwa vizuizi vya BCL-2 kwa miaka, na zinaua hata seli ambazo BAX na BAK hazimo. ABT-737, iliyotangazwa mwaka 2005, ilisimama imara: bila BAX na BAK, seli haifi.

Na unapothibitisha mlango, usidhani madhara yote ni ya kubahatisha. Navitoklaksi ilishusha chembe sahani, zile za kugandisha damu, za wagonjwa kwa sababu ilifanya kazi yake barabara: BCL-XL ndiye anayeziweka hai chembe hizo, na dawa ilimzuia. Ndiyo maana venetoklaksi ilichongwa ishike BCL-2 na kumwacha BCL-XL, ikatangazwa mwaka 2013, na mwaka 2016 Marekani ikaidhinisha itumike kwa lukemia sugu ya limfosaiti yenye upungufu kwenye kromosomu ya 17. Hiyo nayo iliua seli za saratani kwa kasi kiasi kwamba yaliyomwagika kutoka kwenye seli hizo, potasiamu, fosfeti, asidi ya yuriki, yaliwaua baadhi ya wagonjwa wa majaribio ya mwanzo. Leo mgonjwa wa lukemia hiyo huanza na miligramu 20 kwa siku, halafu 50, 100, 200, hadi 400, hatua moja kila wiki. Mnaopima kifo cha seli kwenye sahani, kumbukeni ratiba hiyo ya wiki tano imetokana na yaliyowapata wagonjwa hao.

7. Panya akivumilia, usitangaze usalama.

S63845 hushika MCL-1 ya binadamu kwa nguvu takriban mara sita kuliko ya panya, kwa hiyo panya wa kawaida hupata kipigo chepesi. Misuli ya moyo huihitaji MCL-1, na baadhi ya majaribio ya vizuizi vyake kwa wagonjwa yalisimamishwa kwa sababu ya dalili za moyo kuumia.

Yule binti wa Jumanne amerudia jana. Nilikaa mbali makusudi. Alikusanya midia, akakusanya PBS, akabandua zilizobaki, akazungusha dakika tano. Alipotoa mirija aliinua mmoja kwenye mwanga akaugeuza pole pole, na chini kabisa kulikuwa na tonge jeupe la ukubwa wa punje ya mtama. Akaniita, "Dada, hizi zote Jumanne zilikwenda wapi?" Nikamwonyesha chupa ya taka.