Tyubu moja miezi mitatu? Ndo maana pumu ya ngozi haisikii dawa

Jamani "hizi krimu za steroidi hazifanyi kazi", yani zile za kutuliza ngozi iliyowaka na kuwasha, hayo maneno hata mimi niliyasema sana. Binti yangu ana pumu ya ngozi tangu akiwa na miezi mitano, viwiko kwa ndani, nyuma ya magoti na shingoni, usiku anajikuna mpaka asubuhi shuka lina madoa ya damu. Tukipaka inatulia siku tatu inarudi. Nikaenda kwa daktari wa ngozi nimejipanga kabisa kudai dawa kali zaidi.

Akaniuliza, hii tyubu ulianza lini? Nikamjibu huku najisifia, miezi mitatu sasa, naitumia kwa uangalifu. Akacheka. Akakamua mstari wa krimu kwenye kidole changu cha shahada, kuanzia nchani mpaka pingili ya kwanza, akasema hiyo ni kama nusu gramu, inatosha viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Sehemu za mwanangu zinafika viganja sita, yani gramu moja na nusu kwa siku, kwa hiyo tyubu ya gramu 15 ni siku 10 imeisha. Mimi ya siku 10 nimeivuta miezi mitatu! Nilikuwa nampaka harufu tu.

Na ukweli nilikuwa naogopa. Mama mkwe akiiona ile tyubu anasema "unamchubua mtoto", na wala hajatunga, klobetasoli, steroidi kali sana, ndo watu wanachanganya kwenye mkorogo na nyuso zilivyoharibika tumeziona. Ila mtu anayejipaka dawa kali usoni mwaka mzima apate weupe na mtoto anayepakwa aliyopimiwa, kwa siku alizoandikiwa, ni vitu viwili tofauti kabisa.

Halafu ngozi zetu nyeusi usisubiri wekundu. Mwanangu ikimwamka panakuwa kijivu au zambarau, mi naona hapajawa pekundu naacha kupaka, kumbe chini bado panawaka moto. Siku hizi napapasa, pakiwa pagumu pana mikwaruzo bado naendelea.

Kuna wakati nilipaka vizuri na ikagoma. Majimaji na ukoko wa njano kama asali iliyokauka, hapo bakteria wameshaingia, rudi hospitali. Kingine doa la mguuni, muwasho umepungua lakini duara linazidi kutanuka kingo zimeinuka, kumbe ni fangasi na steroidi ilikuwa inailea.

Dodoki na sabuni ya kunukia nimetoa bafuni, vaselini anapakwa akitoka tu kuoga kabla hajakauka vizuri.

Ukienda kliniki beba tyubu zote, hata zile za duka la dawa unazoona aibu kuzionyesha. Mi niliacha moja nyumbani, kumbe ndani yake mna steroidi, dawa ya fangasi na antibaiotiki vyote kwa pamoja, na hiyo ndo iliyolificha lile duara daktari asilitambue mapema.