Jibu: Samaki wapya katika tangi la zamani

Ndugu yangu, umeuliza iwapo unaweza kuwatia samaki wawili wapya moja kwa moja katika tangi lako la maji ya chumvi. Sikushauri, niliwahi kuharakisha hivyo, nikapoteza watano. Waweke kwanza katika tangi la pembeni kwa wiki nne, kwa kuwa vijidudu vya madoa meupe, yale yanayofanana na chembe za chumvi mapezini, huweza kujificha siku nyingi kabla ya kuonekana. Kisha wazoeze maji ya tangi kubwa tone kwa tone, kama saa moja. Hapa Malindi, usichote maji ya bahari mto Sabaki ukiwa umefurika: huwa mekundu kwa tope na chumvi yake hupungua. Siku ya kuwahamisha, zima taa na upange mawe upya, ili wenyeji wasiwafukuze wageni.