Mguu umevimba na bado anajidunga: usisubiri aache ndipo umpeleke hospitali

Dada, umesema mdogo wako anajidunga unga (heroini), mguu mmoja umevimba kuanzia kinena, ana kidonda kisichofunga, na nyumbani wanataka aache kwanza ndipo atibiwe. Mimi nimejidunga miaka mingi hapa Dar, sasa nakunywa methadoni, dawa ya hospitali inayochukua nafasi ya unga. Mpeleke leo.

Mguu mmoja kuvimba hivyo inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa mkubwa. Bonge likichomoka likafika kwenye mapafu, linaua. Msimchue. Akipata homa na kutetemeka, au kifua kikabana, msingoje asubuhi. Bakteria wanaoingia na sindano huweza kushambulia vali za moyo, yaani vilango vinavyoongoza damu, huku nyumbani mnasema ni malaria au arosto, yale maumivu ya kukosa unga.

Sindano iliyorudiwa huwa butu, inachana ukuta wa mshipa, kovu linajengeka mpaka mshipa unaziba. Mikono ikiisha, mtu anahamia miguuni, shingoni, kinenani. Mguuni, vali zinazosaidia damu kupanda zikiharibika, damu inatuama chini, ngozi inakuwa nyeusi na ngumu, na mkwaruzo mdogo tu unageuka kidonda cha miezi. Wangu wa kushoto uko hivyo mpaka leo, na sindano nilishaacha. Unaosaidia ni usafi wa kidonda, kuuinua mguu nikipumzika, na bandeji ya kubana, ambayo nilifungwa baada ya daktari kupima kama damu inafika vizuri unyayoni. Majipu msikamue, wala msipasue kwa wembe.

Najua kwa nini hataki hospitali. Mimi niliwahi kuitwa mwizi kwenye foleni, watu wote wakisikia, nikaondoka na jipu langu. Kwa hiyo nenda naye wewe; mwenye ndugu pembeni husikilizwa. Aseme wazi kwamba anajidunga na mishipa ya mikono imekufa, watafute mtu mzoefu wa kumtoa damu. Apimwe VVU na homa ya ini B na C. Hiyo C siku hizi ina vidonge vinavyoiponya.

Halafu muulizie methadoni. Muhimbili walianza Februari 2011, baadaye Mwananyamala na Temeke. Unakunywa kila siku mbele ya mhudumu, bure, arosto inatulia, na mshipa unapumzika.

Akiikataa, mguu utibiwe hivyohivyo. Na kama bado anajidunga wiki hii, asichangie bomba la sindano na mtu, na mguu ule asiudunge kabisa.