Nukta za Tavaré: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Jumapili uliponipigia ulinikuta jikoni samaki wako motoni, nikakujibu mbiombio kwamba tutazungumza. Lakini swali lako limenikosesha usingizi siku mbili. Uliniuliza: "Mama, mtu aliyecheza kriketi mpaka jina lake likatoka gazetini, leo akienda kushika chaki Kwale, si ni kushuka huko?"

Nimeona nikuandikie, maana maneno ya simu hukatika. Na dada yako ataisoma barua hii, naye kriketi haijui, kwa hivyo nistahamilie nikieleza yale unayoyajua.

Nataka nikupe habari za Chris Tavaré, mpigaji wa kriketi wa Uingereza wa zama zile. Sikuwahi kumtia machoni, lakini nimemwandika sana kwa mkono wangu. Mwaka 1981 nilikuwa na miaka 19, nikikaa kwa mjomba wangu aliyekuwa akitunza uwanja wa kriketi hapa Mombasa. Kwa kuwa hesabu nilikuwa naiweza, alinifundisha kuandika alama. Mpira ukirushwa na mpigaji asipate mkimbio hata mmoja (mkimbio ndiyo pointi ya kriketi), unatia nukta. Ova nzima, yaani mipira 6 ya mrushaji mmoja, ikipita hivyo, nukta zote 6, unaziunganisha kwa mstari zikawa herufi M. Nilikuwa naipenda sana M ile, sijui kwa nini. Labda kwa sababu ndiyo pekee iliyogeuza kitu kitupu kikawa na umbo.

Mwezi Agosti mwaka huo Uingereza ilikuwa ikicheza na Australia uwanja wa Old Trafford, Manchester. Redio ya mjomba haikutupa mechi nzima, ilitupa vipande tu: taarifa sasa, nyingine baada ya saa kadhaa. Nami nilikaa barazani na daftari langu. Kila taarifa ikija, jina ni lilelile: Tavaré bado yumo. Mara ameongeza 3, mara 5. Halafu akaingia mwenziwe wa Uingereza, Ian Botham, akapiga mikimbio 118 kwa mipira 102, dunia nzima ikashika kichwa. Wawili wale walikaa pamoja mpaka wakaleta mikimbio 149, na katika hiyo yote fungu la Tavaré lilikuwa 28. Alipotoka alikuwa na 78, na alikuwa amesimama pale zaidi ya saa 7.

Nikamwambia mjomba, huyu mtu anachosha. Mjomba alikuwa akinoa panga la nyasi, hata hakuinua uso. Akasema, "Huyo ndiye aliyemshikia mwenziwe ngazi."

Nilikuja kujua baadaye jambo ambalo hata wapenzi wa kriketi wengi hawalijui, na hilo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Tavaré hakuwa mzito kwa maumbile. Kwao kaunti ya Kent alikuwa akiupiga mpira kwa raha zake, watu wakilipa kiingilio kumtazama. (Dada yako, kaunti za kule ndizo timu zinazoajiri wachezaji; zama hizo zilikuwa 17, na wengi walilipwa miezi ya kiangazi tu, baridi ikiingia kila mtu ajitafutie.) Timu ya taifa ilipomwita ilitaka mtu wa kukaa, asitoke, auchakaze mpira ungali mpya ili wenziwe wakute kazi nyepesi. Akalikubali hilo. Alijifunga mwenyewe, mikwaju yake akaiacha Kent. Huko Perth mwaka 1982 alikaa karibu saa 8 kwa mikimbio 89. Watu walimzomea, magazeti yakamsema, na mechi iliyofuata akaingia tena.

Mechi ya nne ya mfululizo huo dhidi ya Australia ndiyo ile ya Melbourne. Mle alikuwemo pia Derek Pringle, mzaliwa wa Nairobi, ambaye babake Don aliichezea Afrika Mashariki kwenye Kombe la Dunia la 1975, kwa hivyo mjomba aliifuatilia kama mechi ya nyumbani. Australia ilibaki na wiketi moja, yaani akitolewa mpigaji mmoja tu imekwisha, na ilihitaji mikimbio 74. Allan Border na Jeff Thomson wakaila kidogo kidogo mpaka ikabaki 4 tu. Botham akarusha, Thomson akaugusa kwa ncha ya bati, mpira ukamwendea Tavaré kwenye slipi, pale nyuma ya mpigaji wanapongoja wadakaji. Ukamgonga mikononi, ukamruka, ukaenda juu. Hebu jiweke mahali pake pale, mwanangu, umeuangusha mpira ambao Uingereza yote inaungojea! Geoff Miller aliyekuwa kando yake akazunguka nyuma akaudaka kabla haujagusa nyasi. Uingereza ikashinda kwa mikimbio 3. Kwenye kitabu cha alama imeandikwa: amedakwa na Miller. Jina la Tavaré halimo, na bila mikono yake mpira ule ungekwenda zake.

Mengine nitayapita haraka. Alikuwa nahodha wa Kent mwaka 1983 na 1984, akawafikisha uwanja wa Lord's, London, kwenye fainali mara mbili, zote wakashindwa, ya pili kwa mpira wa mwisho kabisa. Akavuliwa unahodha. Akabaki palepale akicheza chini ya nahodha mpya miaka mingine minne, kisha akahamia kaunti nyingine, Somerset, na huko nako wakampa timu aiongoze. Akastaafu mwaka 1993, ana miaka 38.

Kisha akaenda kufundisha biolojia, Sevenoaks, shule aliyosomea mwenyewe utotoni. Alikuwa na shahada ya zoolojia ya Oxford, iliyokaa zaidi ya miaka 15 akicheza mpira. Yako imekaa kabatini miaka 7, nawe wasema imeshika vumbi.

Mtu aliyeichezea Uingereza mechi 31 za Testi, zile ndefu za mataifa, alisimama mbele ya watoto akawafundisha seli na mizizi. Mimi nikimwangalia naona ni mtu yuleyule. Ile kazi ya kusimama saa 7 ili mwingine apige 118 ndiyo aliyokwenda nayo darasani. Mtoto akipasi, cheti kinatoka kwa jina la mtoto. Wewe unapata nukta zako.

Kwa hivyo jibu langu ni hili, na nalisema kwa moyo wote: kwenda Kwale hakukushushi hata kidogo. Lakini kuna jambo linalonitia hofu. Ukienda huku moyoni unaamini umeshuka, watoto watalijua siku ya kwanza. Mtoto wa sekondari hadanganyiki. Anamtambua mwalimu aliyekuja kufundisha na mwalimu aliyekuja kujificha. Ikiwa kriketi bado inakuwasha kiasi kwamba utakaa darasani ukitazama dirishani, basi ni bora uendelee kucheza mwaka mmoja au miwili, uitoe rohoni, nami sitakulaumu wala sitachoka kukuombea. Lakini jinsi ulivyonieleza Jumapili kuhusu yule kijana uliyemfundisha kushika bati, ukasahau hata kuniuliza hali ya mguu wangu, mimi nilisikia kitu kingine. Dakika kumi nzima ulizungumza habari za vidole vya mtoto wa watu.

Maneno ya watu usiyabebe. Waliokushangilia Nairobi hawajui hata kodi ya nyumba unailipaje.

Daftari langu lipo. Ukurasa wa Agosti 1981 una doa la mafuta ya taa na M nyingi zilizoandikwa na msichana aliyekuwa akilalamika kila akiunganisha moja. Ukija nitakupa, uwe nalo.

Mwalimu mkuu umesema anataka jibu kabla ya Ijumaa. Mpigie mwenyewe, usimtumie ujumbe. Na nguo zako nyeupe za kriketi usizigawe. Kwale na Mombasa ni kivuko tu, na Jumamosi shule haina masomo.

Mamako