Malori mlangoni Kibaigwa: usifunge mgahawa

Dada, umeuliza kama ufunge mgahawa wako hapo Kibaigwa, kwenye barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro, maana malori ya kwenda bandarini Dar es Salaam yanajipanga mpaka mlangoni na watoto wanavuka kwenda shule katikati ya matela. Usifunge. Tuseme ukweli, madereva hao na matingo wao ndio wanaokula kwako.

Wengi hupotea kwenye mahali pa kupeleka shida. Barabara kuu hiyo ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Ukienda TARURA, wanaoshughulika na barabara za vijijini na mijini, mtapeana pole tu. Andikeni barua moja kupitia mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji, muombe kivuko cha waenda kwa miguu, matuta, na maegesho ya malori nje ya makazi. Nakala iende kwa trafiki. Mwalimu mkuu naye asaini, barua yenye watoto ndani husomwa haraka (ndivyo tulivyo).

Na hicho kibanda unachotaka kuongeza, pima kwanza. Sheria ya Barabara ya 2007 inaweka hifadhi ya barabara ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Ukijenga humo leo, bomoabomoa ikija usitarajie fidia.

Barabara ya mzunguko wa nje ya Dodoma, kilomita 112.3, isikupe matumaini. Inapita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu. Itawapunguzia foleni watu wa mjini. Kwenu mko nje ya mzunguko huo, malori yatapita vilevile.

Barua iende kabla ya mavuno, maana malori ya soko la mahindi yakiungana na hayo ya bandarini, hata pa kuegesha bodaboda hapatakuwepo.