Nyongo yako inamjua bosi, itashindwaje kumjua mkeo?

SWALI

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 39, naishi Tanga, niko kwenye ndoa mwaka wa 11 na tuna watoto wawili. Wiki tatu zilizopita mke wangu alichukua watoto akaenda kwa mama yake Pangani kwa sababu nilirusha sufuria kidogo tu, na wala haikumpata. Nimesoma mtandaoni habari za Ayurveda, tiba ya jadi ya India, nikagundua mimi ni mtu wa pitta, yaani nimezaliwa na moto. Hasira hunijia ghafla, hasa mnamo saa tano usiku tukishamaliza kula. Nimeanza kumeza vidonge vya ashwagandha, mmea wa dawa wa Kihindi, na kila asubuhi nakunywa maji ya moto yenye limau, tangawizi na pilipili. Siku hizi natoka jasho sana, nimepungua uzito na mikono inatetemeka. Kazini sina tatizo na mtu, bosi ananisifu kwa utulivu, ingawa kazi ni nyingi na mchana nashindia kahawa. Naomba unipe orodha ya vyakula ambavyo mke wangu atanipikia kutuliza pitta, na unishauri namna ya kumwambia mama mkwe aache kumshikilia.

Mwenye Moto, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa nyumba iliyonyamaza. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara aliyenihuzunisha zaidi ni mkeo.

Sufuria hairushwi kidogo. Na kama haikumpata, hiyo ni bahati yake, si wema wako. Mwanamke aliyekaa ndoani miaka 11 hafungashi watoto wawili kwa sufuria moja. Kabla yake palikuwa na milango iliyobamizwa, vyombo vilivyopasuka, maneno yaliyosemwa watoto wakisikia. Hayo hukuyaandika. Umenionyesha tone la mwisho, mtungi umeuficha nyuma ya mlango. Mama mkwe naye hajamshikilia mtu. Amempokea binti yake na wajukuu zake, akawatandikia. Hiyo ndiyo kazi ya mama, nami niko upande wake waziwazi.

Halafu umejiumbua mwenyewe: kazini bosi anakusifu kwa utulivu. Una njaa, una kahawa tupu tumboni, joto la Tanga liko palepale, na hujamrushia mtu hata kalamu. Basi hasira haikujii ghafla. Unaishika kutwa nzima mbele ya anayeweza kukufukuza kazi, unaifungulia usiku mbele ya asiyeweza. Nyongo inayochagua mtu namna hiyo si maumbile tena, ni mazoea.

Tuje kwenye Ayurveda, kwa maana umeishika kwa upande wa makali. Pitta, kwa Kiswahili chetu, ndiyo nyongo: moto wenye umajimaji, mkali, mwepesi, wenye kusambaa. Ndiyo inayosaga chakula, inayotia rangi damu, inayoyapa macho nuru, na sehemu yake moja hukaa moyoni na kugusa ujasiri na hisia za mtu. Ikizidi, mtu huwaka: kiungulia, jasho, macho mekundu, ulimi mkali. Kufikia hapo umesoma sawasawa. Ulipokosea ni pale ulipofanya maelezo kuwa ruhusa.

Kitabu kikongwe cha elimu hiyo, Charaka Samhita, kina mafungu mawili ya misukumo ya mwili na nafsi. Fungu la kwanza ni misukumo 13 isiyofaa kuzuiwa, kwani kuizuia huleta maradhi: haja ndogo na kubwa, chafya, miayo, machozi, kiu, njaa, usingizi na mingine ya namna hiyo. Fungu la pili ni misukumo ambayo ni lazima mtu aizuie: tamaa, kijicho, hasira, maneno makali, uongo, na kuumiza wengine kwa mkono. Sasa jitazame. Njaa ya mchana unaizuia kwa kahawa. Usingizi, kwa mtu anayemaliza kula saa tano usiku, unauzuia pia. Hasira, ambayo ndiyo ya kuzuiwa, unaiachia. Mafungu yote mawili umeyageuza juu chini, kisha unamlaumu aliyekuumba.

Waswahili husema dawa ya moto ni moto. Katika Ayurveda msemo huo haufanyi kazi: kitu huongezwa na kinachofanana nacho, hupunguzwa na kinyume chake. Limau ni chachu, tangawizi na pilipili ni kali, maji ni ya moto, na vyote vinne unavimwaga kwenye tumbo la mtu anayesema anaungua. Kinywaji hicho kinamfaa mtu mzito wa makohozi, ambaye Ayurveda humhesabu kuwa aina nyingine ya mwili, si wewe. Ashwagandha nayo huhesabiwa kuwa dawa yenye joto. Hupewa zaidi mtu aliyedhoofika, mwenye baridi na wasiwasi. Kusikia tu kwamba "inatuliza" hakutoshi.

Na hapa nisikilize vizuri. Jasho, uzito kupungua na mikono kutetemeka vinaweza kuwa dalili za tezi ya shingoni (thairoidi) inayofanya kazi kupita kiasi, na ashwagandha inaweza kuipandisha zaidi. Acha vidonge hivyo leo. Wiki hii nenda hospitali ukapime tezi, sukari na shinikizo la damu, na uwaambie ulichokuwa ukimeza. Vidonge vya mitishamba si salama kwa sababu tu vimetoka India: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti walipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizouzwa kwenye maduka ya eneo la Boston, Marekani, wakakuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Wala usijiendeshe tumbo kwa sanamaki au mafuta ya mbarika kwa kuwa umesoma kwamba nyongo hutolewa kwa kuharisha. Ni kweli hiyo ni tiba yake ya asili, lakini hufanywa na tabibu, baada ya siku za kumwandaa mgonjwa kwa samli, na kwa kipimo.

Orodha ya vyakula vya kupikiwa na mkeo sikupi. Utapika mwenyewe, na utaanza na saa kabla ya chungu. Moto wa kusaga chakula hupanda toka saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, kisha hupanda tena saa nne usiku hadi saa nane usiku. Ukiukosesha chakula mchana unatafuna pasipo kitu, na ndipo kiungulia na kisirani huanza. Ukila usiku wa manane unaupa kuni wakati ungekuwa unasafisha mwili umelala. Kwa hiyo kula mchana kati ya saa sita na saa saba, tena hicho ndicho kiwe chakula kikubwa cha siku. Cha jioni kiwe chepesi, kiishe kabla ya saa moja na nusu. Saa nne kasoro simu imezimwa na uko kitandani. Ugomvi wenu wa saa tano haukuwa na siri yoyote: moto wa pili ulikukuta macho, tumbo limejaa.

Jioni pika choroko na mchele. Chukua nusu kikombe cha choroko zilizokobolewa na nusu kikombe cha mchele, osha mpaka maji yatoke safi, tia vikombe vinne vya maji na manjano robo kijiko cha chai. Chemsha kwa moto mdogo dakika 35 hadi 40, mpaka vilainike na kushikana. Pembeni yeyusha kijiko kimoja cha chakula cha samli, tia nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba na nusu cha giligilani, ziache zinukie bila kuungua, kisha mimina juu. Chumvi kidogo. Watu huharibu chakula hiki kwa kutia nyanya, kitunguu saumu na pilipili ili "kiwe na ladha", na moto unarudi mlangoni. Ukitaka ladha tia majani ya giligilani na tui jepesi mwishoni.

Ladha za kupunguza ni tatu: chachu, chumvi na ukali. Achari, ukwaju, mbilimbi, embe mbichi, siki, pombe, vya kukaanga na kahawa ya tumbo tupu, pumzika navyo. Za kuongeza ni tamu ya asili, chungu na ya kukaza ulimi: tango, tikiti, boga, karela, mboga za majani, madafu. (Kama kipimo kitaonyesha sukari, vitamu hivyo vitataka ushauri wa daktari kwanza.) Kosa moja nalikuta kwa wengi: wanadhani kila kilichotoka kwenye friji ni cha baridi. Mtindi uliochacha huchochea nyongo hata ukiwa na barafu, na usiku ndio mbaya zaidi. Samli inayoyeyuka motoni, yenyewe hupoza. Kinachotazamwa ni kile kitu kinachofanya kikishaingia mwilini.

Badala ya maji yako ya pilipili, loweka giligilani. Vijiko viwili vya chakula vya mbegu nzima, gramu 10 hivi, ziponde kidogo kwenye kinu, usizisage unga. Weka kwenye chombo cha udongo au cha kioo, mimina glasi moja ya maji ya kunywa yaliyopoa, funika usiku kucha. Asubuhi chuja, unywe kabla ya chakula. Kipimo cha kale ni kizito zaidi, sehemu moja ya mbegu kwa sita za maji, lakini kwa kuanzia cha glasi kinakutosha. Usichemshe. Na mbegu zisizonuka zimekwisha, tafuta nyingine.

Usiku jipake mafuta ya nazi nyayoni, dakika tano kila mguu, ukisugua kwa kiganja kutoka kisigino kwenda vidoleni, na kidogo utosini. Mafuta ya ufuta yana joto, hayakufai. Vaa soksi kuukuu usije ukateleza. Bibi zetu wa pwani walijua kupoza mwili kwa liwa na marashi ya waridi, na liwa, huo msandali, ndio hasa Wahindi huutumia kwa nyongo iliyopanda. Paka kipajini ukirudi kazini. Hakuna aibu mwanamume kupaka liwa nyumbani kwake.

Pumzi ya kupoza huitwa shitali. Kaa wima, kunja ulimi uwe kama mrija, toa ncha nje ya midomo, vuta hewa kupitia humo kwa hesabu ya nne. Rudisha ulimi, funga mdomo, toa hewa puani kwa hesabu ya sita. Asubuhi na jioni, vuta hivyo mara saba kila kipindi kwa wiki ya kwanza, kisha mara 12. Ulimi usiokunjika si kilema: fumba meno, vuta hewa kati yake. Mwenye pumu, mafua au shinikizo la chini aache. Na ifanye kila siku ukiwa mtulivu, kwani kuogelea hakufundishwi kwa anayezama. Siku masikio yakipata moto na taya ikikaza, sema kwa sauti ya kawaida, "Natoka, narudi baada ya nusu saa," kisha utoke. Osha uso, mikono hadi viwiko na miguu kama anayetawadha, tembea, na urudi kweli kwa muda uliosema. Anayetoka bila kusema anaacha vitisho nyuma yake.

Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu, nami naukuta kwenye barua nyingi. Mtu anatafuta kwenye simu jina la tabia yake, na akilipata anampelekea mwenzake kama hati: ndivyo nilivyo, nivumilie. Mmoja ataleta nyota yake, mwingine kundi la damu, wewe umeleta pitta. Wazee wetu nao walijua mtu wa moto na mtu wa baridi, lakini sikumbuki palipoandikwa kwamba mtu wa moto amesamehewa kuomba radhi. Charaka mwenyewe anaeleza dawa ya kurefusha maisha isiyo na jani wala mzizi, ni mwenendo peke yake. Katika mwenendo huo kusema kweli kunatajwa mwanzo kabisa, na kutokuwa na hasira kunafuata. Wewe unataka cha pili bila cha kwanza.

Basi anza na kweli. Kaa na karatasi uandike kila ulichovunja, kila ulichosema, tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Kama kuna siku mkono wako ulimgusa, iandike pia, na ujue kwamba mkeo ana haki ya kufika dawati la jinsia na watoto polisi bila kukuomba ruhusa. Peleka matumizi ya watoto Pangani wiki hii bila kudaiwa. Mwombe mshenga wenu, au mjomba wako mwenye busara, akuulizie kama unakaribishwa. Ukikaribishwa, mwamkie mama mkwe kwa adabu, soma karatasi yako, omba radhi, nyamaza. Neno pitta lisitoke kinywani mwako. Usimwombe mkeo arudi siku hiyo. Mwenye kovu usidhani kapoa. Yeye ndiye atakayepanga muda, iwe mwezi au mwaka.

Ukishapata majibu ya hospitali niandikie tena. Na safari hiyo unijibu jambo moja ambalo barua yako yote imelizunguka: sufuria iliporuka, watoto walikuwa wamekaa wapi?

Shangazi